Picha ya Tingatinga ni ipi hasa?

Ingia duka lolote la vinyago na zawadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, Arusha au Dar es Salaam, uliza picha ya Tingatinga, na muuzaji hatahangaika kutafuta. Atakutolea twiga watatu waliopishanisha shingo, tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro, Wamasai wembamba waliojipanga mstari huku jua likizama, pengine na samaki wa rangi zote za upinde wa mvua. Zote ataziita Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga hakuchora hata moja kati ya hizo, na nyingi hazifanani na kazi yake hata ukilazimisha.

Mtu huyu alichora kwa miaka minne tu, tangu 1968 mpaka alipouawa mwaka 1972. Hakusomea sanaa popote. Hata hivyo, jina lake ndilo linalotajwa kwanza mtu wa nje anapozungumzia uchoraji wa Tanzania. Ubishi mwingi kuhusu picha hizi, ikiwemo ni za kabila gani, ni za asili au za watalii, ipi halisi na ipi bandia, unazaliwa na jambo moja: tunatumia jina hilo moja kumtaja mtu, kuitaja karakana ya ndugu na wanafunzi wake, na kuitaja bidhaa ya sokoni. Vitu hivi vitatu vina uhusiano, lakini si kitu kimoja.

Tuanze na mtu. Edward alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, leo Nakapanya, wilayani Tunduru, kwenye njia iendayo Masasi. Wapo wanaoandika 1937, na haishangazi, maana watoto wa vijijini enzi za Mwingereza waliandikishwa kwa nadra. Baba yake, Saidi, alikuwa Mngindo na Mwislamu. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua na Mkristo. Ndiyo maana akaitwa Edward Saidi, jina ambalo huwatatiza waandishi wa kigeni, ila kwa mtu wa kusini halina la ajabu. Familia ilikuwa ya kawaida, ya jembe, na shule aliipata kidogo.

Katika miaka ya 1950 akafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na vijana wengi wa Tunduru, Songea na ng'ambo ya Ruvuma: akaenda Tanga kwenye mkonge. Mkonge ndio ulioingizia Tanganyika fedha nyingi za kigeni, na mashamba yake yalihitaji mikono kuliko ilivyopatikana karibu. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokusanya watu mbali na kuwasafirisha kwa mikataba. Hao ndio manamba. Mara nyingi maisha ya Tingatinga husimuliwa kana kwamba alichomoka kijijini na brashi mkononi. La hasha. Alipoanza kuchora alikuwa ameshaishi miaka mingi ya ujira, mbali na kwao, katikati ya watu wa makabila mengi.

Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam. Huko walikuwako ndugu, akiwemo Salum Mussa, ambaye watu wa fani hii wanamjua zaidi kama Mzee Lumumba. Edward alipata kazi ya bustani kwenye nyumba ya Mzungu, na baadaye, Uhuru ulipokuja na mabwana wa kikoloni wakaondoka, akaishi kwa vibarua. Kwa kifupi, alikuwa mmoja wa maelfu ya wahamiaji wa mjini waliotegemea ndugu kwa malazi na mikono yao kwa chakula.

Sasa, kwa nini 1968? Hapa ndipo penye utamu wa habari hii, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Jiji lilikuwa limebadilika. Tanzania ilikuwa imeshatangaza Azimio la Arusha mwaka uliotangulia, na Dar es Salaam ilikuwa imejaa mabalozi, wataalamu wa misaada, walimu na wahandisi kutoka nje, wengi wao kutoka nchi za Skandinavia. Walikaa Oysterbay, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu wakati wa ukoloni, wenye nyumba kubwa na kuta tupu. Walikuwa na mshahara, na walikuwa na hamu ya kupata kitu cha Kiafrika cha kurudi nacho kwao. Vinyago vya Wamakonde vilikuwa vimeshaonyesha kwamba soko hilo lipo: kuanzia miaka ya 1950 wachongaji waliotoka nyanda za Mueda upande wa Msumbiji walikuwa wakiuza mpingo wao mjini kupitia wafanyabiashara kama Mohamed Peera. Picha za rangi zilikuwa chache, na baadhi ya zilizotembezwa mitaani ziliuzwa na Wakongo. Inasimuliwa kwamba Edward aliziona, akaona jinsi zinavyonunuliwa, akajiambia kwamba na yeye anaweza.

Tusije tukasema kwamba kabla yake Tanzania haikuwa na wachoraji. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, akaendelea chuo cha sanaa cha Slade, London, na picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Nchi ilipopata uhuru alikuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Huyo ndiye mchoraji aliyesoma. Lakini ukimuuliza mtu wa kawaida leo, Ntiro hamjui, na Tingatinga anamjua. Sababu si kwamba mmoja alimzidi mwenzake kwa kipaji. Ntiro aliacha picha na wanafunzi wa darasani, Tingatinga akaacha kazi ya kulisha watu.

Turudi kwenye vifaa, kwa sababu vifaa ndivyo vilivyofanya mtindo. Turubai na rangi za wasanii vilikuwa ghali na havikuwa vya mtu kama yeye. Alichukua hadibodi, yale mabamba membamba ya kiwandani yanayotumika kwenye ujenzi na dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile wanayopakia baiskeli na madirisha. Bamba la futi nne kwa nane ukilikata miraba ya futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane bila kutupa hata kijipande. Mraba wa namna hiyo, yaani kama sentimita 60 kwa 60, ndio umbo linalotambulisha picha za mwanzo mpaka leo.

Rangi hiyo ya mafuta ina tabia zake. Haichanganyiki vizuri ikiwa mbichi. Ukiilazimisha inatoa matope. Inang'aa ikikauka, na inachukua muda kukauka. Kwa hiyo mchoraji analazimika kwenda hatua kwa hatua: kwanza anapaka bamba zima rangi moja ya nyuma, anaacha ikauke, kisha anachora umbo la mnyama, analijaza, anaacha tena, ndipo anaweka madoa, mistari, jicho na mpaka wa nje. Picha isiyo na vivuli, yenye rangi kali zisizoyeyukiana, imetokana na kopo lenyewe kama ilivyotokana na akili ya mchoraji. Watu wanaoita hilo utoto hawajawahi kujaribu kumchorea chui madoa yake kwa rangi ya dirisha bila kuharibu.

Na Edward alikuwa hodari katika hilo. Picha zake zenyewe ni tulivu. Mara nyingi mnyama ni mmoja: chui, simba, nyati, swala, tumbili. Amesimama ubavu, amejaza mraba karibu wote, mwili umekunjwa au umerefushwa ili uenee, na jicho linakutazama wewe. Nyuma ni rangi moja, pengine na kichaka au ndege pembeni. Mojawapo ya picha zake maarufu ni ya tausi juu ya mbuyu. Hakuna Kilimanjaro, hakuna msafara wa wanyama, hakuna machweo. Ukiweka picha yake kando ya zile za dukani, jambo la kwanza unaloona ni jinsi alivyoacha nafasi tupu bila kuogopa.

Aliuzia nje ya Morogoro Stores, duka la Oysterbay walikokwenda wageni kununua mahitaji yao. Wanunuzi hawakutafutwa, walikuwa wanapita hapo hapo. Kazi ilipopata jina, kampuni ya umma ya National Arts of Tanzania, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ikaanza kununua na kuuza picha zake. Hata hivyo hakuacha kutafuta ajira ya kawaida, na kuna kipindi alikuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, wakajaliwa watoto wawili.

Kisha mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Alikuwa na miaka arobaini, kama tukishika ile tarehe ya 1932.

Kabla ya kufuata kilichotokea baadaye, kuna lile swali la asili. Kwenye vijitabu vya watalii utasoma kwamba Tingatinga ni sanaa ya jadi ya Wamakua, au ya Wamakonde, iliyotoka kwenye michoro ya kuta za nyumba za udongo huko kusini. Kupamba kuta kwa udongo wa rangi ni desturi iliyokuwepo katika sehemu nyingi za kusini, na haiwezekani mtoto wa Nakapanya asiwe ameiona. Tunduru pia ni nchi ya wanyama. Chui kwake hakuwa picha ya kitabuni. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba alihamisha jadi ya ukutani akaiweka kwenye hadibodi, pana pengo kubwa. Hakuanza kuchora kijijini, wala Tanga, wala katika miaka yake tisa ya kwanza ya Dar es Salaam. Alianza aliposimama mahali penye mnunuzi, kwa vifaa vya duka la ujenzi. Kwangu mimi ushahidi unaelemea upande wa mjini. Sioni kwa nini hilo lionekane dosari. Taarab ni ya mjini, dansi ni la mjini, na hakuna anayesema si mali yetu. Neno "jadi" hapa limefanya kazi ya kibiashara zaidi ya kazi ya historia: mgeni alitaka Afrika ya kale, akauziwa.

Sasa karakana. Edward alipoona oda zinazidi mikono yake, hakutangaza nafasi za kazi. Aliita ndugu na watu wa kwao. Simon Mpata alikuwa ndugu yake wa damu. Wengine walikuwa Kaspar Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Omari Amonde. Walijifunza kama mwanafunzi anavyojifunza kwa fundi cherehani: unaanza na kazi ndogo, unajaza rangi ya nyuma, unajaza mwili wa mnyama, unaangalia mkono wa mwalimu, na siku moja unaachiwa nguo nzima. Malipo ya masomo ni kazi yenyewe.

Ukilielewa hilo, suala la kunakili linabadilika sura. Mkosoaji aliyelelewa kwenye vyuo vya sanaa anapoona wachoraji kumi wakitoa chui yule yule, anaona wizi au uvivu. Ndani ya karakana, chui yule yule ndio mtihani. Hakuna aliyeficha, mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka picha zifanane, kwa kuwa mnunuzi alikuja akiuliza ile aliyoiona kwa jirani. Tatizo la kweli la kunakili lilikuja baadaye, pale picha zilipoanza kuuzwa mbali na mahali zilipochorwa na mnunuzi hakumjua tena mchoraji.

Kifo cha Edward kingeweza kuwa mwisho wa yote. Wanafunzi wake walikuwa wachanga katika kazi. Hakuna aliyekuwa na miaka mitano ya uzoefu. Lakini walikuwa na vitu viwili ambavyo risasi haikuviua: namna ya kutengeneza picha ambayo mtu anaweza kufundishwa kwa miezi, na kituo cha kuuzia kilichojulikana. Wakaungana, wakaendelea pale pale Morogoro Stores chini ya jina la mwalimu wao. Mwaka 1990 muungano huo ukasajiliwa kuwa chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society. Watoto wa wachoraji, wapwa, wajukuu na vijana kutoka Tunduru, Masasi na kwingineko wakaendelea kuingia.

Wakati huo nchi nayo ilikuwa inageuka. Baada ya 1985, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, biashara ililegezwa, bidhaa zikarudi madukani, na utalii ukaanza kukua kwa kasi. Mnunuzi akabadilika. Yule wa 1970 alikuwa mkazi wa Oysterbay mwenye gari na kontena la kurudisha vyombo vyake kwao. Hadibodi ya futi mbili haikumsumbua. Huyu mpya alikuwa mtalii wa wiki mbili mwenye mkoba mmoja. Ndiyo sababu picha nyingi zikahamia kwenye kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi ya msingi na kuwambwa kwenye fremu, ili zivuliwe na kukunjwa kama mkeka. Ndiyo sababu pia kukawa na picha ndogo ndogo, sahani, trei na vigae. Mtalii wa wiki mbili ametoka kuona Serengeti na Kilimanjaro, basi Serengeti na Kilimanjaro vikaingia kwenye picha.

Lakini si wote waliokwenda njia hiyo, na hapo ndipo jina hili linapowaonea watu. Mohamed Charinda alitumia mbinu zile zile kusimulia visa: waganga, majini, habari za utumwa, maisha ya kijijini. Wengine wakachora mji wenyewe, foleni hospitalini, sokoni, mabasi yaliyojaa, watu mia kwenye picha moja na kila mmoja ana shughuli yake. David Mzuguno akajaza misitu na ndege mpaka usione pa kuweka kidole, kinyume kabisa cha utupu wa mwalimu wa kwanza. Hawa si wanakili wa Edward kwa namna yoyote. Ni wachoraji wenye mkono wao, ambao bahati yao na mkosi wao ni kwamba picha zao huuzwa chini ya jina la mtu mwingine.

Mkanganyiko mwingine unamhusu George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005. Yale mashetani yake yenye masikio makubwa, matumbo na vidole viwili vitatu, yanayocheza na kunywa, huwekwa rafu moja na Tingatinga. Lilanga alikuwa Mmakonde, mchongaji kwanza, na kituo chake kilikuwa Nyumba ya Sanaa, taasisi nyingine kabisa ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Maryknoll, Jean Pruitt. Aliishi jiji moja na wachoraji wa Oysterbay, na rangi za kung'aa walizitumia wote, ila viumbe wake wametoka kwenye uchongaji wa mashetani wa Kimakonde. Kumwita Lilanga Tingatinga ni kama kumwita kila mwimbaji wa dansi mwanafunzi wa Mbaraka Mwinshehe.

Nje ya nchi jina lilisafiri kuliko watu. Japani ilipenda picha hizi mapema na kwa nguvu; hata hoteli ya kitalii iliyojengwa na Wajapani kwenye Maasai Mara, Kenya, imepewa jina la Mpata, yule ndugu wa Edward. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi, zikiwa na jina na sura ya Tingatinga kila mahali.

Je, sheria haiwezi kuwalinda wachoraji wenyewe? Kwa sehemu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi, yaani picha fulani iliyochorwa na mtu fulani. Ukiinakili picha ya mchoraji aliye hai na kuichapisha kwenye fulana bila ruhusa yake, umemkosea na anaweza kukudai. Mtindo haulindwi. Mnyama mmoja wa ubavu, rangi ya nyuma moja, madoa na jicho la kutazama mbele, hivyo ni mali ya yeyote mwenye brashi, awe Dar es Salaam, Mombasa au Copenhagen. Na hata kama ingekuwa vinginevyo, nani angedai? Familia ya Edward, ushirika, wanafunzi wa wanafunzi wake walioanzisha vibanda vyao nje ya ushirika? Kila upande una hoja.

Kwa upande wa picha bandia, hali ni mbaya zaidi. Miaka minne haikutoa picha nyingi, na nyingi ya hizo ziliondoka na wanunuzi wake wa kigeni mikataba yao ya kazi ilipokwisha. Bei ilipopanda miongoni mwa wakusanyaji, simba, chui, nyati na tausi wa "E.S. Tingatinga" wakaanza kuongezeka kila mwaka, wakati mwenyewe yumo kaburini. Sahihi haithibitishi chochote, kwani aliyeweza kunakili chui mzima hashindwi na herufi kumi na mbili. Hadibodi kuukuu nayo inapatikana. Kinachosaidia ni historia ya picha yenyewe: nani aliinunua, lini kati ya 1968 na 1972, alikuwa akifanya kazi gani Dar es Salaam, na ilipita mikononi mwa nani mpaka kufika hapa. Muuzaji asiye na majibu hayo anauza picha ya mwanafunzi, ya mjukuu wa mwanafunzi, au ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga Oysterbay. Inaweza kuwa nzuri sana na ikastahili fedha yake, ila bei iwe ya aliyeichora, na jina lake liwe chini pembeni mwa picha.